Nyumba ya paneli huku Kamulu: ukuta sina neno, ila swichi iko nyuma ya mlango

Niko hapa miezi kumi na nne sasa, kwa hivyo naona naeza ongea bila mtu kusema nimetumwa. Nyumba ni ya vyumba viwili vya kulala, ziko arobaini kwa kompaundi moja, safu mbili zinaangaliana na barabara ya kabro katikati, huku Kamulu, mashariki mwa Nairobi, ukishapita Ruai kwa Kangundo Road. Zimejengwa na zile paneli za foamu nyeupe zenye wavu wa waya, sio mawe. Kampuni sitaitaja jina maana bado nalipa, na tena jina likishatajwa watu wanaacha kusoma wanaanza kutetea ama kutukana. Kwa nyota tano nawapa tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya Julai, nitawaambia mbele.

Ili mjue nani anaongea: mimi niko kwa kaunta ya hardware hapo Industrial Area, mwaka wa tisa sasa nauza simiti, nondo, misumari na stori. Nimeuzia mafundi wa mawe maisha yangu yote ya kazi, nikiona lori la mawe ya Ndarugu naeza kukuambia kwa macho ni futi ngapi na ngapi zitavunjika njiani. Kwa hivyo mama watoto aliponiambia kuna nyumba za bei ya kueleweka halafu akaongeza ati za foamu, mi nilicheka. Ile foamu inakuja kwa boksi ya TV? Ndio hiyo hiyo, akasema, na akacheka pia, lakini alikuwa ameshachukua namba ya simu.

Tulikuwa tunakaa Umoja, kodi elfu kumi na tisa, ghorofa ya nne, maji mara mbili kwa wiki. Bei ya hii nyumba ilikuwa milioni 3.6. Tukauza kaploti tulikuwa nako Joska, mama watoto akachukua mkopo kwa sacco yao ya walimu, na iliyobaki tunalipa kampuni kidogo kidogo miaka sita. Na hapo sijahesabu ile asilimia 1.5 ya nyumba nakatwa kwa payslipu kila mwezi tangu sheria ya 2024, hiyo ni ya nyumba za watu wengine, mi nimejijengea foleni yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza kwa saiti kijana wa mauzo aliniita bosi wangu kama mara thelathini. Nikagonga ukuta wa nyumba ya maonyesho kwa vifundo vya vidole, ukalia dub dub, sio kama jiwe, ni kama unagonga boga limeiva. Nikamwangalia. Akaniambia, "Bosi wangu, kila mtu hugonga. Chukua hii sasa," akanipa nyundo. Nikapiga hiyo ukuta vile mtu hupiga kitu sio chake. Ilitoka alama ya ukubwa wa shilingi kumi, basi. Nikarudisha nyundo nikiwa mpole.

Baada ya kulipa depoziti nilikuwa naenda kila Jumamosi kuangalia, na hii ndio sehemu nilifurahia kabisa nisidanganye. Paneli inakuja kama mita 1.2 upana na mita 3 urefu, katikati foamu ya sentimita nane hivi, huku na huku wavu wa waya mwembamba umeshonwa ukapita ndani ya foamu ukashika ule wa upande wa pili. Vijana wawili wanaibeba kama godoro, mmoja mbele anapiga stori kwa simu. Kwa slabu kumesimamishwa vipande vya nondo, paneli inasimamishwa hapo, inafungwa na bainding waya, ya pili inafuata, wavu wa hii unapishana na wavu wa ile, kona zinaongezewa wavu uliokunjwa. Jumamosi moja nilikuta slabu tupu, Jumamosi iliyofuata nikakuta nyumba nyeupe imesimama na madirisha yamekatwa na msumeno wa mkono, inafanana na keki. Fundi wa stima hachongi ukuta na tindo vile tumezoea, anapitisha moto wa hewa foamu inayeyuka inaacha njia, anasukuma paipu nyuma ya wavu, kwisha. Halafu ndio kompresa inakuja, kuna kandoo ka bati kana midomo minne, inachota mota, ule mchanganyiko wa simiti na mchanga, inairusha kwa ukuta na kelele ya ajabu, koti ya kwanza inafunika wavu, ya pili inanyooshwa na ruler ndefu. Kila upande karibu sentimita tatu na nusu. Hapo ndio godoro linageuka ukuta.

Kipande cha foamu nilibeba nyumbani kwa mfuko. Nikatoka nayo nje kwa balkoni nikawasha kiberiti. Inarudi nyuma, inajikunja kama mtu ameguswa na kitu moto, na nilipoondoa kiberiti ikazima. Harufu yake lakini ni mbaya na moshi ni mweusi, usijaribu ndani ya nyumba, mtoto wangu wa pili alikohoa hadi saa nne. Nilichoelewa ni kwamba ile plasta ndiyo inakulinda na moto, foamu yenyewe haifai kuachwa wazi hata mahali padogo, na ndio maana siku ya kukabidhiwa nilizunguka na tochi nikiangalia juu ya dari na nyuma ya masanduku ya mita. Nikapata mahali pawili juu ya dari foamu inaniangalia. Wakaziba, hiyo nawapa.

Shemeji yangu kazi yake ni kukadiria gharama za majengo, na huyo ndiye alinitoa uoga akaniwekea mwingine. Mimi nilikuwa na Huruma kichwani, ile ghorofa iliyoanguka Aprili 2016 usiku wa mvua, nikamuuliza kama za paneli si ndio zitaanguka zaidi. Akaniambia shemeji, ile haikuwa ya paneli, ilikuwa konkriti na mawe ya kawaida kabisa, imejengwa vibaya mahali pabaya. Lakini akanipa stori ya London, jengo linaitwa Ronan Point, ghorofa 22, la vipande vikubwa vya konkriti vilivyotoka kiwandani vikapangwa juu kwa juu kama kadi. Mei 16, 1968, mama mmoja ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti apike chai asubuhi, gesi ilikuwa inavuja, ukuta wa kona ukasukumwa nje na kona nzima ya jengo ikashuka kutoka juu hadi chini. Watu wanne walikufa, na jengo lilikuwa na miezi miwili tu tangu watu waingie. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa hivyo, ubaya ulikuwa maungio. Kwa hivyo, akasema, wewe usiniulize paneli ni ya nini, uliza zinashikana aje. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimepiga magoti nahesabu bainding waya na foremani ananiangalia kama mwizi. Hizi zetu ni za chini, hakuna ghorofa, na wavu unapishana halafu mota inafunika yote bila kuacha maungio, kwa hivyo nililala.

Sasa bei. Watu wakisikia kiwanda wanadhani nyumba itashuka bei nusu. Mi pia. Mawe ya kuchonga hununui, simiti inapungua, mafundi wanakaa saiti wiki badala ya miezi, si ndio? Shemeji akachukua karatasi ya kufungia misumari hapo kwa kaunta yangu akaniandikia vitu vyote vinavyolipwa kwenye nyumba: ardhi, kuchimba, msingi, slabu, kuta, paa, dari, milango na madirisha, vigae, stima, maji, maji taka, barabara ya ndani, ukuta wa nje, riba ya benki ya developa, faida yake. Akakata mstari kwa kuta. Hapo tu ndio paneli imeingia. Vingine vyote vinakaa pale pale, na vingine vinaongezeka. Hapa Kamulu kwa mfano ni ule udongo mweusi wa pamba, ukinyesha unavimba na jua likiwaka unapasuka nyufa unaeza poteza ndala ndani. Haijalishi ukuta wako ni mwepesi kama godoro, huo udongo lazima uchimbwe utolewe wote hadi upate pagumu, halafu urudishie murram. Niliona malori yakitoka na udongo wiki tatu nzima. Kuta zilisimama kwa wiki moja. Hiyo pesa watu waliokoa juu ilizikwa chini na hakuna mtu huweka hiyo kwa brosha.

Kile paneli inaokoa ni muda, na muda ni pesa kweli, maana kila mwezi mimi nilikuwa nalipa kodi Umoja na bado nalipa hawa. Nyumba yangu kutoka slabu hadi rangi ilichukua miezi minne. Raha sana. Halafu ikakaa miezi mitano imefungwa, imepakwa rangi, ina hadi taa, kwa sababu transfoma ilikuwa haijaombwa mapema na bayodaijesta, lile tangi la maji taka, ilikuwa haijaisha. Miezi mitano mara elfu kumi na tisa pigeni wenyewe. Nilimpigia yule kijana wa mauzo, akasema bosi wangu nyumba iko tayari, nikamwambia hata jeneza huwa tayari, swali ni kuingia.

Kuishi ndani sasa. Julai. Mtu amewahi kulala Kamulu Julai anajua ule upepo wa uwanda hauna adabu. Umoja tulikuwa tunalala na masweta. Hapa unafunga dirisha saa moja jioni, ukipika chapati tu nyumba inashika joto inakaa nalo hadi asubuhi. Februari nayo nje jua linapasua kichwa, ndani unaingia kama umeingia benki. Foamu inafanya hiyo kazi vizuri kuliko jiwe na sina mchezo hapo, ndio ile nusu nyota, na kama wangekuwa wameweka kitu juu ya dari pia ningewapa nzima, maana paa ni mabati na jipsamu peke yake, joto la mchana lote linashukia hapo.

Sauti hapana. Nyumba zimeunganishwa mbili mbili na ukuta wa katikati ni paneli moja. Jirani yangu ni mtu mzuri sana, mzee wa kanisa, lakini najua taarifa ya habari ya saa tatu ameiweka stesheni gani na najua akikohoa ni kikohozi cha nini. Foamu inazuia joto, sauti inazuiwa na uzito, na huu ukuta uzito hauna. Walifaa kuweka paneli mbili hapo katikati ziachane kidogo, ama hata mawe hapo peke yake, nani angelalamika. Mama watoto akitaka kunigombeza siku hizi ananitumia meseji na tumekaa kiti kimoja.

Kutundika vitu: TV ilishika bila shida, unatumia plagi fupi zile za kukaa ndani ya plasta na unasambaza skrubu nyingi. Kabati la jikoni lenye vyombo ndio hapana, hilo lilitaka mbao iwekwe ndani ya paneli kabla ya plasta, na hapo lazima mtu awe alijua mapema kabati litakaa wapi. La kwangu linasimama chini kwa miguu. Simu nayo kwa chumba cha kulala inashika kwa kubembeleza, kijana wa intaneti aliniambia ni ule wavu umezunguka nyumba nzima, akaniuzia kifaa cha pili. Pengine alitaka tu kuuza, lakini kweli nikifungua dirisha mtandao unaingia na mbu.

Nyufa ziko. Nyembamba kama unywele, zinaanzia kona za madirisha zinapanda kimshazari. Hizi mi nilizijua kabla zitoke. Kona ya dirisha inatakiwa iwekewe kipande cha wavu kimelala kimshazari, na kwa nyumba yangu waliweka madirisha ya mbele, ya nyuma wakasahau ama wavu uliisha. Na plasta inatakiwa inyweshwe maji siku saba. Huku maji ni ya lori. Lori lilikuja siku mbili. Mbele ya nyumba yangu hakuna ufa hata mmoja, nyuma kuna saba, siku saba labda.

Haya, swichi.

Nyumba za safu ya kulia na za safu ya kushoto ni kitu kimoja kimegeuzwa, vile mkono wa kulia na wa kushoto. Mchoraji alichora moja, akaigeuza kwa kompyuta, akaenda chai. Swichi zikageuka na nyumba, sawa. Milango haikugeuka. Iliagizwa yote arobaini mara nne, mlango na fremu yake ya chuma, yote ya mkono mmoja, nadhani kwa sababu ukiagiza aina moja unapata bei. Kwa hivyo watu wa kulia wanafungua mlango wa chumba, wanaweka mkono ukutani, taa inawaka kama binadamu. Sisi watu wa kushoto unafungua mlango, unaingia gizani, unazunguka mlango, unaufunga kidogo, unatafuta swichi nyuma yake. Kila chumba. Bafuni ni kali zaidi kwa sababu mlango ukifunguka unakaa mbele ya swichi na pia unagonga sinki, kwa hivyo mtu mnene akitaka taa lazima aingie, ajibane na sinki, afunge mlango, ndio awashe. Mama mkwe alikuja wiki moja akaoga na tochi ya simu wiki nzima, hakutaka kusema kitu kwa heshima.

Nyumba ishirini. Mi nilidhani ni yangu peke yake hadi grupu ya WhatsApp ya kompaundi ikaundwa, mtu wa kwanza kuandika akaandika tu, "Watu wa kushoto, taa za bafu mnawasha aje?" Tulicheka kwa maandishi hadi saa sita usiku, watu hawajuani.

Na hapo ndio nilielewa hii biashara. Fundi wa mawe akikosea, amekosea nyumba moja, na mara nyingi anakosea ukiwa umesimama hapo unamwambia bwana we, hiyo swichi leta huku, anachonga tena na tindo, anaziba, soda moja. Nyumba ya kiwanda imekosewa kabla hujazaliwa kwenye mradi. Imekosewa kwa karatasi, na karatasi imepigwa kopi. Niliwaambia kabla waje na kompresa kwamba nataka soketi ya friji upande wa pili, nikaambiwa bosi wangu hatubadilishi, tukibadilisha moja tumebadilisha zote. Nilikasirika lakini shemeji akasema wako sawa, ndio vile bei inashuka, kiwanda kinaishi kwa kurudia. Akanitajia kampuni ya Marekani, Katerra, ilianzishwa 2015 ikamiminiwa mabilioni ya dola ijenge nyumba kama watu wanatengeneza magari, ikafilisika Juni 2021, kati ya makosa yake ilikuwa inataka kufanya kila kitu na kubadilisha michoro kila saa. Sawa, nimekubali, msibadilishe. Lakini kama hamtabadilisha basi ile ya kwanza si mngeijenga, mkaishi ndani wiki moja, mkaoga, mkapika ugali, mkatafuta taa usiku wa manane, ndio mpige kopi? Nyumba ya maonyesho iko safu ya kulia. Na hakuna mtu amewahi kulala ndani yake hadi leo.

Kuna kitu kingine cha karatasi, hiki labda ni mimi tu na macho yangu ya hardware. Nimesema paneli ni mita 1.2. Chumba cha watoto kina ukuta wa mita 2.8. Hiyo ni paneli mbili na kipande, na kile kipande kinakatwa kwa paneli nzima na kinachobaki kinatupwa. Wangeongeza kidogo wafike 3.6 ni paneli tatu kamili, hakuna kukata, na watoto wangu wangekuwa na mahali pa meza. Badala yake nyuma ya saiti kulikuwa na kilima cha vipande vya foamu kinashinda nyumba, na upepo ukivuma zile chembe nyeupe zilikuwa zinatembea hadi kwa barabara, watoto wa huku wanacheza nazo wanasema ni theluji. Hadi saa hii nikipalilia sukuma nazitoa kwa udongo. Mtu amelipia hiyo theluji, na nashuku ni mimi.

Swichi zilitatuliwa aje. Kampuni ilisema ni kasoro ndogo ndogo, ikatuma fundi ahamishe. Kuhamisha kwa huu ukuta ni kukata plasta, unakutana na wavu, unaukata, unayeyusha foamu, unarudisha wavu juu, unapiga plasta kwa mkono. Alifanya bafu ya kwangu na ya jirani, ikabaki kiraka kama mtu ameshonwa suruali goti, na akapotea. Mimi na watu wa namba zinazofuata tukaita fundi wa kuchomelea kutoka stesheni ya Ruai, kijana mmoja na mashine yake kwa bodaboda, akakata hinji, akazichomelea upande wa pili wa fremu, akageuza mlango, akapaka rangi ambayo karibu ifanane. Elfu moja mia tano kwa mlango. Siku mbili alikuwa amemaliza nyumba sita. Tulituma risiti kwa ofisi ya kampuni, jibu lilikuja na salamu nzuri za msimu.

Mama mkwe mwenyewe ana maoni yake na mi huyaheshimu kwa sababu huyo mama ni wa Dandora ya mwanzo. Ule mradi wa 1975, wa Benki ya Dunia na kanju ya jiji, ploti elfu sita, mtu alikuwa anapewa kiwanja kina choo na bomba, na kwa wengine chumba, halafu anaambiwa haya, jijenge. Yeye na mzee walianza na chumba kimoja, wakaongeza cha kupangisha, cha pili, cha tatu, mawe yakinunuliwa mkokoteni kwa mkokoteni pesa ya maandazi ikipatikana, na saa hii kuna ghorofa mbili hapo na ndio ilisomesha mama watoto. Alizunguka nyumba yetu yote, akasifu joto, akasifu vigae, halafu akaniuliza, "Sasa baba, mtaongezea wapi?" Nikasema mama hii imeisha, haiongezwi, paa halibebi ghorofa na ukuta huwezi toboa ovyo kwa sababu ndio unashikilia nyumba. Akasema "haya," ile haya ya kina mama. Niliulizia kampuni kama wangeweza kuuza na mchoro wa kuongeza chumba nyuma, nondo zimeachwa kwa slabu, mtu akipata pesa anunue paneli kumi na mbili aendelee, maana kile kitu kizuri ya paneli ni hata pikapu inabeba. Wakasema ni wazo zuri. Sijui waliliandika wapi.

Kwa hivyo kama unauliza ununue: nunua, lakini usigonge ukuta, ukuta umeshagongwa na sisi wote. Enda na futi, ingia kila chumba usiku kama wanakuruhusu, taa zikiwa zimezimwa, utafute swichi. Pika. Simama mahali friji itakaa ufungue mlango wake. Uliza transfoma iko wapi, iko wapi sio itakuja lini. Uliza ukuta wa jirani ni paneli ngapi. Na angalia safu zote mbili, usionyeshwe moja ukauziwa nyingine.

Awamu ya pili wameanza nyuma yetu, nyumba sitini, Jumamosi iliyopita nilivuka kuangalia. Foremani ni yule yule, akanisalimia mwalimu, sijui alisikia wapi. Milango ya safu ya kushoto wameiagiza ya mkono wa kushoto sasa, nimeifungua mitatu, swichi iko pale mkono unafika. Nikaingia jikoni. Mahali pa meko bado wamepaweka chini ya dirisha, pale upepo wa Kamulu unaingilia ukizima moto.